Nilivyompeleka Mama kwenye jiwe la mke mkubwa

Iwapo umewahi kusafiri, msomaji, kwa barabara itokayo Kisumu kuelekea Bondo, basi bila shaka umeyaona. Ukishakwenda kilomita 29 hivi unaona majabali yakichomoza juu ya miti, moja limepandana na jingine, kana kwamba kuna mtu alikuwa akipanga mafiga ya jiko lake akaitwa ghafla kabla hajamaliza. Jabali la juu limekalia mengine kwa namna ya kukutia wasiwasi. Unajiambia, hili haliwezi kuiona wiki ijayo. Halafu unakumbuka kwamba babu yako alilipita likiwa hivyo hivyo.

Mawe hayo ndiyo Kit Mikayi. Kwa Kijaluo kit ni jiwe, na mikayi ni mke wa kwanza, yule ambaye wenzetu wa pwani humwita bi mkubwa. Jiwe la mke wa kwanza.

Mimi nimelelewa upande ule wa Seme, na nimeyapita mawe hayo mara zisizohesabika nikiwa nimebanwa katika viti vya matatu. Lakini sikuwahi kushuka kuyatazama kwa karibu hadi Machi 2024, na siku hiyo sikwenda kwa ajili ya mawe. Nilikwenda kwa ajili ya Mama.

Sitakuficha, msomaji. Mimi ni mtoto wa mikayi. Baba alioa mke wa pili mwaka 1999, nikiwa darasa la tano. Nakumbuka tulirudi kutoka shule tukakuta mgeni ameketi kivulini akichambua mboga, naye Mama akatuambia kwa sauti ile ile anayotumia kutuagiza maji, "Msalimieni mama yenu mdogo." Tukamsalimia. Nyumba yake ilijengwa mwezi uliofuata.

Pengine hujui boma la Mjaluo linavyopangwa, kwa hivyo nivumilie nikueleze. Nyumba ya mikayi hujengwa ikilitazama lango, ili aingiaye aione kwanza. Nyumba ya mke wa pili, nyachira, huwa upande wake mmoja, na ya mke wa tatu, reru, huwa upande wa pili. Si mambo ya mapambo hayo. Mikayi ndiye afunguaye msimu. Mvua inyeshe itakavyo, kabla yeye hajatia mbegu yake ardhini hakuna mke mwingine katika boma lile anayepanda. Wakati wa mavuno ni hivyo hivyo. Anayevunja utaratibu huo anaitafuta chira, ule mkosi unaomkondesha mtu hadi kaburini. Wapo wanaocheka wakisikia hayo, lakini sijaona wengi wanaocheka halafu wakathubutu kupanda.

Mama aliondoka mwaka 2001. Hakupewa talaka, wala ng'ombe wa mahari hawakurudishwa. Alifunga virago siku moja, akatuchukua sisi watoto wake, akapanga chumba mjini Kisumu na kuanza kuuza omena. Hatujapata kumsikia akimtukana Baba. Lakini hakurudi.

Hakurudi, isipokuwa siku moja kila mwaka. Mvua za Machi zikianza tu, Mama alifunga mbegu za mahindi katika kipembe cha leso, akapanda matatu hadi nyumbani, akachimba mashimo manne au matano mbele ya nyumba yake tupu, akapanda, akapangusa mikono, akarudi zake mjini kabla ya jua kutua. Hakuketi kwenye kiti cha mtu. Hata maji hakuyanywa. Kesho yake Mama Mdogo naye alitoka na jembe.

Nilipokuwa mkubwa jambo hilo lilianza kunikera. Nikishapata stashahada yangu ya uanahabari na kuanza kazi, nilijiona nimeelimika kiasi cha kumfundisha mama yangu. Nikamuuliza siku moja, "Mama, si uwaache wapande wenyewe? Hao si ndio waliokufukuza?"

Akaniangalia. "Hakuna aliyenifukuza," akasema. "Niliondoka."

Machi 2014 wabunge wanawake walitoka nje ya Bunge kwa hasira, wakati wenzao wanaume walipopitisha kifungu cha kumruhusu mume kuoa mke mwingine bila kumshauri wa kwanza. Mwezi uliofuata Rais Uhuru Kenyatta aliutia sahihi Mswada ule wa Ndoa ukawa sheria. Nilimsomea Mama habari hiyo gazetini. Alisikiliza hadi mwisho, akaendelea kuchagua mawe katika mchele. "Kwa hiyo sasa imeandikwa," ndiyo yote aliyoyasema.

Baba alikuwa amekwisha kufariki wakati huo, mwaka 2011. Matanga yalipofanywa Mama alirudi akakaa katika nyumba yake, na waombolezaji wakampa mkono yeye kwanza. Kisha akarejea mjini kwa omena zake.

Basi sasa tufike kwenye kisa chenyewe. Mwanzoni mwa Machi 2024 ndugu yangu, mtoto wa Mama Mdogo, alinipigia simu. Kijana huyu simlaumu, ana adabu zake. Alisema nyumba ya Mama imeinama. Ni nyumba ya udongo na mabati, na kwa miaka ishirini na mitatu haijakaliwa na mtu. Alikuwa akiogopa itawaangukia watoto wanaocheza pale. Akaomba ruhusa ya kuibomoa.

Nikafanya kosa la kumwambia Mama kwa simu badala ya kwenda kumwona.

"Hivyo nyumba yangu inawazuilia njia," akasema. "Sawa. Basi na wapande wenyewe."

Mvua zikaanza. Wiki ikapita, na nyingine. Jumatano jioni simu yangu ikalia tena, na safari hii alikuwa Mama Mdogo mwenyewe, ambaye katika maisha yake yote alikuwa amenipigia mara mbili tu. "Mwanangu," akaniambia, "majirani mahindi yao yamechomoza. Mimi nimekaa na mbegu ndani ya debe. Mwambie mkubwa wangu."

Hebu fikiria hali hiyo, msomaji. Mwanamke wa zaidi ya miaka hamsini, mwenye shamba lake, jembe lake na wajukuu wa kulisha, amekaa mlangoni akiitazama mvua ikipotea bure, kwa kuwa mke mwenziwe anayeuza omena mjini amekasirika. Sikujua nimhurumie nani.

Nilitunga ujanja. Nikasafiri hadi Kisumu, nikamwambia Mama kwamba nina makala ya kuandika kuhusu Kit Mikayi na ningependa anisindikize. Alinitazama kwa jicho la mtu aliyezaa. "Nitakwenda," akasema, "lakini sivuki pale. Nikishaona mawe yako narudi." Kutoka kwenye mawe hadi kwetu ni mwendo mfupi tu wa bodaboda.

Tulishuka kwenye barabara kuu, tukaifuata njia iendayo kwenye mawe, Mama akilaumu goti lake. Tulipofika mahali pa kulipia kiingilio alifungua kikapu atoe kibeti, na humo ndani nikaona kipembe cha leso kimefungwa fundo. Nikajifanya sikuona.

Ukiwa mbali unaona mawe, lakini ukifika chini yake ni kama umefika kwenye nyumba za mji usio na watu. Kuta za mawe zinapanda pande zote. Kuna mapango na vijia vyembamba ambavyo inakubidi upite kwa ubavu, na juu ya kichwa chako yananing'inia majabali ambayo huoni ni nini hasa kinachoyazuia. Katika pango moja tuliwakuta akina mama wawili waliovalia kanzu nyeupe, mishumaa imewashwa, wakisali kwa sauti ya chini. Waumini wa Legio Maria, kanisa lililozaliwa huku kwetu Nyanza mwanzoni mwa miaka ya 1960, huja hapa kufunga na kuomba, na hawako peke yao. Kabla ya makanisa, wazee wa Seme walikuja kutambika mvua zilipokataa kunyesha. Desemba 2019, katika mkutano uliofanyika Bogotá, Colombia, shirika la UNESCO liliziandika mila za Kit Mikayi katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, kwani wanaozijua wanazeeka na vijana hawazifuati. Angalia jambo hilo vizuri. Kilichoonekana kuwa hatarini si jabali lile la juu. Ni watu walio chini yake.

Kijana aliyetuongoza alituonyesha mawe kama mtu anayeonyesha boma la baba yake. Hili ni mikayi, lile nyachira, lile reru. Na lile pale ni simba, nyumba ya kijana ambaye hajaoa. Kisha akatusimulia hadithi, ambayo huenda unaijua.

Hapo kale alikuwako mzee aitwaye Ngeso. Mzee huyu aliyapenda mawe haya kupita kiasi. Kila asubuhi akiamka alikwenda zake pangoni, akashinda humo kutwa nzima, na mkewe akawa hana budi kumpelekea uji wa asubuhi na chakula cha mchana. Watu walipokuja nyumbani kumwulizia mzee, mkewe aliwajibu, "Amekwenda kwa mikayi wake." Jina likabaki.

Watalii waliokuwa karibu nasi wakacheka. Mama hakucheka. Alikuwa ameketi juu ya jiwe dogo akilisugua goti lake.

"Huyo mwanamke alikuwa mke wa ngapi?" akauliza.

Kijana akasita. Akasema hadithi haitaji mke mwingine, kwa hiyo ni huyo huyo.

"Basi alikuwa yeye mikayi," Mama akasema. "Cheo chake mwenyewe akalipa jiwe."

Nikakaa kimya. Hadithi hiyo nimeisikia tangu utotoni, nikaisoma vitabuni, na nilikuwa nimekwisha kuiandika katika daftari langu kama kichekesho cha mzee na jiwe lake. Haikunipitikia hata siku moja kumwuliza yule mwanamke anayepanda mlima na chungu cha uji kichwani, amejiweka wapi. Kwa kinywa chake mwenyewe amejitoa kwenye nafasi ya kwanza, na bado chakula anapeleka.

"Pengine alikuwa akifanya mzaha, Mama," kijana akasema.

"Ndiyo, alikuwa akifanya mzaha," Mama akamjibu. "Mzaha wa namna hiyo naujua."

Hapa naomba nikupumzishe kidogo na mambo ya wake wenza, nikueleze mawe haya yalivyopata kukaa hivi, maana Mama naye aliuliza. Alitaka kujua ni nani aliyeweza kulipandisha lile la juu.

Jibu ni kwamba hakuna aliyelipandisha. Wataalamu wa miamba wanaeleza kuwa mawe haya ni graniti, na graniti za upande wetu huu zina umri wa zaidi ya miaka bilioni mbili. Ulikuwa uji wa moto uliopanda kutoka chini kabisa, lakini haukufika juu. Ukapoa polepole ndani ya ardhi ukawa mwamba mmoja mkubwa. Baada ya muda mwamba huo ukapata nyufa, nyingine za kusimama na nyingine za kulala, kama mkate uliokatwa vipande lakini haujatenganishwa. Maji ya mvua yakapenya katika nyufa hizo. Maji hayana haraka. Yaliulainisha mwamba pembezoni mwa kila ufa ukawa kama udongo, na pembe zikaliwa kwanza, kwa kuwa pembe hushambuliwa kutoka pande zaidi ya moja. Vipande vilivyokuwa na kona vikawa mviringo. Yote hayo yalitendeka gizani, chini ya ardhi. Kisha mvua na mito, kwa maelfu na maelfu ya miaka, ikauosha ule udongo na kuuchukua, na kilichokuwa kigumu kikabaki mahali pake.

Kwa maneno mengine, msomaji, jabali lile la juu halikupanda popote. Liko pale pale lilipokuwa. Ardhi ndiyo iliyoteremka.

Na usidhani ni hapa tu. Ukishika barabara ya Kisumu kwenda Kakamega utaliona lile Jiwe Linalolia la Ilesi, lenye umbo la mtu aliyeinamisha kichwa. Wazimbabwe wana mawe yao ya Epworth, nje ya Harare, ambayo wameyachora hadi kwenye noti zao za fedha. Huko Marekani, katika miaka ya 1990, mtaalamu wa mitetemeko aitwaye James Brune wa Chuo Kikuu cha Nevada aligundua matumizi yasiyotarajiwa ya mawe kama haya. Alisema jiwe lililokaa kwa mashaka ni shahidi. Ukilikuta bado limesimama, basi tangu lilipobaki hivyo mahali hapo hapajatikiswa kwa nguvu za kuliangusha. Hapa Kenya tetemeko kubwa tunalolijua ni lile la Subukia la Januari 6, 1928, lenye ukubwa wa 6.9. Kit Mikayi ilikuwapo siku hiyo, na ipo.

Nilimweleza Mama haya kwa kadiri nilivyoweza, nikiona fahari kidogo. Alisikiliza huku akilitazama jabali. Aliinuka, akalisogelea jiwe la chini kabisa, lile linalobeba mengine, akaliwekea kiganja kama unavyompima mtoto homa. Akakaa hivyo muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Sijui alikuwa akiwaza nini na sikumwuliza. Wale akina mama wa pangoni walikuwa wamemaliza sala na wanazima mishumaa.

"Mawe yako nimeyaona," akasema. "Mvua inakuja. Tafuta pikipiki."

"Ya kurudi barabarani?"

Hakunijibu. Alikuwa amekwisha kuanza kuteremka.

Tulifika nyumbani manyunyu yakianza. Nyumba ya Mama kweli ilikuwa imeinama, ukuta wa upande mmoja umetoka tumbo na bati moja limening'inia. Ndugu yangu alisimama mbali na mikono nyuma, kama mtoto aliyeitwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Mama aliizunguka nyumba ile mara moja, akiugusa ukuta hapa na pale, na udongo ukamdondokea kwenye viatu. Mimi nilikuwa nimejitayarishia hotuba ya kuitetea. Nilikuwa na fundi tayari wa kuisimamishia nguzo.

"Ibomoe," akamwambia kijana.

Nikashtuka. "Mama!"

"Huu ni udongo," akasema. "Utaanguka tu. Lakini," akamgeukia tena kijana, na sauti yake sasa ilikuwa ile ya zamani, ya kutuagiza maji, "mahali hapa hapajengwi jiko wala banda la kuku. Hapa panatazama lango. Waite wazee wakueleze utaratibu, mnijengee nyingine papa hapa. Hata ya chumba kimoja. Nikija nataka pa kuketi."

"Ndiyo, Mama," kijana akajibu.

Mama Mdogo alikuwa ametoka nyumbani kwake na jembe. Hawakusalimiana kwa mkono. Kwa Kijaluo mke mwenza huitwa nyieka, na neno la wivu, nyiego, ni la shina hilo hilo, kwa hivyo usitarajie nikuambie walikumbatiana na kulia. Mama Mdogo alisema, "Umechelewa, mkubwa wangu." Mama akasema, "Goti." Basi. Akalipokea lile jembe.

Alichimba mashimo manne. La tano goti lilimkatalia, nami nikataka kusogea nimsaidie, lakini Mama Mdogo akanishika mkono akanizuia, maana mashimo yale hayachimbwi na mwingine. Tukangoja. Mvua ilikuwa imeanza kutulowesha wote. Mama akapumua, akalichimba la tano, akafungua fundo la leso na kudondosha punje mbili mbili, akafukia kwa kisigino.

Kisha akaketi juu ya kizingiti cha nyumba ile inayoanguka, akaomba maji ya kunywa.

Mama Mdogo alikwenda kuyaleta mwenyewe, mbio mbio kama msichana, katika kikombe cha bati chenye maua mekundu. Mama akayanywa yote.